Shangazi, mavyaa ameiita gumbo yangu supu

Shikamoo Shangazi. Ni saa tisa usiku, wenyewe wamelala, mimi niko jikoni na sufuria. Usinicheke. Najua utasema mtu mzima anakoseshwaje usingizi na chakula. Si chakula, Shangazi, ni lile neno.

Unajua huku Louisiana, Marekani, mifupa ya bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani haitupwi, kesho yake Ijumaa inapikiwa gumbo, ule mchuzi wao mzito wa unga uliokaangwa. Mwaka huu nikasema napika mimi, kwangu. Miaka 11 nimeolewa ukoo huu, kazi yangu kula vya watu, safari hii waje wale changu. Nikaamka alfajiri. Unga wa ngano na mafuta kiasi kwa kiasi, moto mdogo, mwiko hautoki mkononi, dakika 40 na kitu, mpaka ukawa rangi ya kahawa iliyokolea. Ukizubaa kidogo unafanya chenga nyeusi, unamwaga, unaanza upya. Mimi nilimwaga mara mbili! Kisha kitunguu, hoho na seleri, kisha bamia. Soseji yao ya nguruwe sikutia, hilo mume wangu analijua tangu siku aliyosilimu, na sitaki mjadala. Nikatia nyanya. Tatu tu. Mtoto wa Tanga nipike mchuzi bila nyanya?

Mavyaa akaonja, akaweka kijiko chini, akasema kwa upole mbele ya mawifi na watoto wote: "Supu nzuri sana hii." Supu. Angesema mbaya ningejua pa kushika.

Na mume wangu kimya. Huyo huyo aliyekula bakuli mbili jikoni amesimama, wageni hawajafika, analamba kijiko! Mamake anasema supu, yeye anajishughulisha na saladi ya viazi. Usiku namuuliza, ananijibu mama hakuwa na nia mbaya.

Na wasiniambie nyanya ni kosa. Hapa Lafayette ndiyo hawataki kuziona, lakini New Orleans, mwendo wa saa mbili na kidogo kwa gari, wako wanaotia na hakuna anayewaambia supu. Jina lenyewe limetoka kwa Waafrika walioletwa huku utumwani, ki ngombo, yaani bamia. Bamia, Shangazi! Nimezikata tangu sijajua kujisuka nywele, leo nifundishwe?

Si kwamba namchukia. Nilipojifungua alikaa kwangu wiki tatu, ananipikia, ananioshea mtoto. Ndiyo maana inauma.

Sasa binti yangu, ana miaka 9, juzi namsuka akaniuliza: "Mama, kwani ya kwako ni supu?" Bibi yake amemwambia likizo ya Krismasi aende akalale kwake wiki nzima, amfundishe kukaanga unga kama yeye alivyofundishwa na mamake. Binti tu. Mimi sikutajwa. Nikasema haendi, ana madrasa. Uongo, siku hizo madrasa imefungwa. Baba yake amenuna, leo siku ya tatu.

Nina haki ya kukataa, au sina? Mtoto ni wangu. Lakini nikwambie kweli, natamani aende. Auangalie vizuri mkono wa bibi yake, moto kiasi gani, anaacha wakati gani, halafu akirudi anionyeshe kimyakimya, baba yake asijue. Na je, akirudi akaonja ya kwangu, naye akaiita supu? Uso wangu nitauweka wapi?

Unga umeanza kushika rangi, nakoroga huku naandika kwa mkono mmoja. Wakiamka watakuta nyumba nzima inanukia. Nyanya ziko kapuni, sijazikata bado. Unanishauri nini?

Mimi, Mtoto wa Tanga, Lafayette