Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Saa 72: wafungieni wachezaji, acheni kuwatoza faini

Ndugu Mwenyekiti,

Niseme mapema kwamba mimi ni shabiki wa Simba, tena wa mzunguko, jukwaa la tiketi za bei nafuu, ili usisome barua hii ukitafuta timu iliyojificha nyuma yake. Ninachokuandikia kinawahusu Yanga, Azam na Coastal vilevile.

Kila kamati yako, inayosimamia Ligi Kuu ya Tanzania na kuadhibu makosa ya mechi, inapokaa, taarifa inatoka na sisi tunaisoma kijiweni kwa sauti. Lugha yake tumeshaikariri. Mchezaji fulani ametozwa faini kwa kosa la kumfanyia hivi mwenzake, kwa kuzingatia kanuni ya ngapi kuhusu udhibiti kwa wachezaji. Chini yake kuna klabu iliyopita mlango usio rasmi, halafu nyingine iliyogoma kuingia vyumba vya kubadilishia nguo. Baada ya miezi miwili makosa yanarudi yale yale, na mara nyingine majina ni yale yale. Sasa hela hizi zinamfundisha nani?

Dereva wa basi anayejua kwamba faini ya trafiki ni elfu 30 huiweka kwenye hesabu ya siku pamoja na mafuta, kisha anaendelea kukimbia. Ndivyo ilivyo laki 5 kwa nyota wa Simba au Yanga, klabu za Kariakoo. Anampiga kiwiko beki wa watu, anasoma taarifa yenu kwenye simu, jioni yuko mazoezini kama kawaida. Kiasi hichohicho mkimtoza kijana wa timu inayopigania kutoshuka daraja, ambaye mshahara wake wa mwezi jana bado ni ahadi, mmemng'oa meno. Klabu kadhaa za ligi yetu zimewahi kufungiwa na FIFA zisisajili kwa sababu zinadaiwa na wachezaji wao. Ina maana yupo mchezaji mnayeweza kumtoza kutoka kwenye mshahara ambao hajaupata. Kanuni inawaona wote sawa, maisha hayawaoni hivyo.

Utaniambia basi tupandishe kiwango. Nami nakujibu waliotuzidi fedha walishajaribu. Septemba 2011 Carlos Tevez, mshambuliaji wa Manchester City, alikuwa benchi Munich, timu yake ikifungwa na Bayern, na kocha wake Roberto Mancini akasema jamaa alikataa kuingia. Klabu ilitaka kumkata mshahara wa wiki 4. Chama cha wachezaji cha Uingereza hakikukubali, kwa kuwa makubaliano yao yanaishia wiki 2, na ikabidi adhabu ishuke. Hata hizo wiki 2 zilikuwa mamia ya maelfu ya pauni, hela ambayo klabu nyingi za huku zingeendeshea msimu mzima. Tevez alifanya nini? Novemba alipanda ndege kwenda kwao Argentina bila ruhusa, picha zikatoka anacheza gofu. Akakatwa tena, safari hii wiki 6, na bado hakurudi. Aliporudi Februari 2012, ubingwa unakaribia na yeye hayumo, ndipo akaomba radhi. Machi alicheza dhidi ya Chelsea na kutoa pasi ya bao la ushindi. Kwa macho yangu, kilichomrudisha ni mpira. Makato alikuwa ameshayazoea.

Kisha kuna suala la nani hasa anayelipa. Kwenye Euro 2012 Nicklas Bendtner wa Denmark alifunga bao dhidi ya Ureno, akashusha bukta kidogo ili nguo ya ndani yenye jina la kampuni ya kubeti ya Paddy Power ionekane. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikamtoza euro 100,000 na kumfungia mechi 1. Kampuni ikasema faini tutalipa sisi. Adhabu ikageuka tangazo la pili! Ile mechi 1 hakuna kampuni iliyoweza kumchezea. Hapa kwetu, mchezaji akitozwa, tunajua kama imetoka mfukoni mwake, au klabu imemlipia, au kuna tajiri ameagiza yaishe? Taarifa zenu husema kiasi na kanuni, zikaishia hapo.

Mwaka 2022 kamati iliwahi kufanya ninachokiomba. Clatous Chama, wakati huo wa kwetu, na Stephane Aziz Ki wa Yanga walifungiwa mechi 3 kila mmoja kwa kukwepa kusalimiana na wapinzani kabla ya mechi ya watani ya Oktoba 23. Niliona ni kali mno kwa kosa la kutotoa mkono, na bado naona hivyo. Lakini kijiweni siku ile hakuna aliyetaja hela. Watu walifungua ratiba kwenye simu wakaanza kuhesabu mechi zitakazowapita, na mashabiki waliokuwa tayari kuwatetea wakaanza kuwalaumu wachezaji hao. Faini haijawahi kuleta kelele hiyo.

Sisemi kufungia ni dawa ya kila mtu. Luis Suárez, mshambuliaji wa Uruguay, alifungiwa mechi 10 mwaka 2013 kwa kumuuma beki Ivanović, na mwaka uliofuata akamuuma Chiellini kwenye Kombe la Dunia. Siku hizi haumi. Mwaka 2025 alitema mate. Wengine ndivyo walivyo. Ila hata yeye, dunia inakumbuka alikosa nini, siyo alilipa ngapi.

Ninafundisha watoto wa chini ya miaka 15 huku Mbagala. Timu yetu haina faini kwa sababu hakuna wa kuilipa. Anayemtukana mwamuzi anakaa benchi Jumapili inayofuata, na mama yake akija uwanjani anamkuta pale pale, kavaa jezi, hachezi. Mwaka 1995 Eric Cantona wa Manchester United alipomrukia shabiki kwa teke, klabu yake ilimtoza pauni 20,000 na FA, chama cha soka cha England, pauni 10,000. Alikaa nje miezi 8, na mahakama ikampa saa 120 za kazi za jamii, akazitumia kufundisha watoto mpira. Mleteni hata mchezaji wenu mmoja huku na adhabu ya namna hiyo, nina watoto 30 na mipira 4.

Kwa hiyo naomba mambo machache kabla kanuni za msimu ujao hazijachapwa. Kosa la vurugu au la kumdhalilisha mwamuzi lianze na mechi, faini ije baadaye kama bado mnaitaka. Ikitozwa, iwe sehemu ya mshahara uliomo kwenye mkataba, ambao nakala yake mnayo wakati wa usajili. Asiyelipwa na klabu yake asitozwe mpaka alipwe. Na taarifa ijayo iandike, chini ya kila faini ya msimu uliopita, nani ameilipa na hela imekwenda wapi.

Wako katika mpira,

Kocha wa watoto, Mbagala