Risala ya kikundi cha wachoraji na watunzi wa muziki kwa Mgeni Rasmi, siku ya ufunguzi wa maonyesho

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Walezi na walimu wetu,
Wasanii wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanakikundi wote tunakukaribisha, na tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako uje kutufungulia maonyesho haya. Sisi ni wachoraji na watunzi wa muziki tulioamua kufanya kazi chumba kimoja. Kuta hizi zina picha 12, na kila picha ina muziki wake. Hakuna picha iliyokamilika kwanza ndipo mtunzi akaitwa, wala wimbo uliokamilika ndipo akatafutwa mchoraji.

Tunalitaja hili mapema kwa sababu ndilo linalotuuma. Mara nyingi wimbo humalizika, hurekodiwa, kisha mchoraji hupigiwa simu kwamba jalada linatakiwa kesho asubuhi. Mwenzetu mmoja aliwahi kutumiwa wimbo saa nne usiku, akachora kwa kubahatisha, na siku ya onyesho akakuta nusu ya picha yake imezibwa na spika. Watunzi nao huombwa muziki wa kupigwa kwa chini maonyesho yakiendelea, usije ukamsumbua mtu. Hapo mmoja anafanya sanaa na mwenzake anapamba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waliotutangulia wametuonyesha kwamba inawezekana kufanya vingine. Mwaka 1873 Viktor Hartmann, mchoraji na msanifu majengo wa Urusi, alifariki akiwa na miaka 39. Mwaka uliofuata kazi zake zilionyeshwa mjini St Petersburg, na rafiki yake, mtunzi Modest Mussorgsky, akaenda kuzitazama. Mwaka huohuo akatunga mfululizo wa vipande vya piano kutokana na picha zile. Kinachotugusa zaidi ni kwamba aliweka ndani yake hata nyayo zake mwenyewe: kuna kipande cha kutembea kinachorudi kati ya picha na picha, mapigo yake yakibadilika kutoka 5 kwenda 6, kama mtu anayetembea bila haraka na moyo mzito. Nyingi za picha zile zimepotea. Leo tunazifahamu kwa masikio.

Lakini Hartmann hakuusikia muziki ule, na sisi tunatamani ushirikiano wa walio hai. Januari 1911 mchoraji Wassily Kandinsky alihudhuria tamasha la muziki wa mtunzi Arnold Schoenberg mjini Munich, akarudi nyumbani akachora alichokisikia: njano iliyotapakaa, na doa kubwa jeusi lililo umbo la piano. Kisha akamwandikia barua Schoenberg, mtu ambaye hawakuwa wamefahamiana. Urafiki ukaanza hapo, na kabla mwaka haujaisha picha alizochora Schoenberg mwenyewe zilitundikwa pamoja na za kundi la Kandinsky.

Na nchini Nigeria, mwaka 1974, kijana Lemi Ghariokwu aliyejifunza kuchora mwenyewe alimchorea mwanamuziki Fela Kuti jalada la santuri lenye mnyororo uliokatika na nyangumi anayepindua boti ya polisi. Alikuja kumchorea majalada 26. Majalada yale yalisema mambo yake yenyewe, na aliyeshika santuri alianza kuusoma wimbo kabla hajauweka kwenye gramafoni.

Sasa tukueleze kidogo yaliyotokea humu. Picha ya saba, ile yenye mstari mrefu wa buluu, ilichorwa kwa brashi kavu. Mtunzi alikuwa amekaa pembeni, hana wazo lolote. Akasikia nywele za brashi zikikwaruza turubai, akamwomba mchoraji arudie, na arudie tena, akairekodi sauti ile ikawa mdundo wa kipande kizima. Aliposikilizishwa, mchoraji akagundua kwamba mkono wake huongeza kasi kila unapokaribia ukingo. Akabandika turubai jingine pembeni ili mkono upate nafasi ya kupumua. Ndiyo maana picha hiyo ina mshono katikati.

Tumegombana pia, na ugomvi mkubwa ulihusu wakati. Picha inakupa vyote kwa mpigo mmoja wa jicho, ilhali muziki unakutaka usubiri. Watunzi walilalamika kwamba mtazamaji humaliza picha wimbo ukiwa bado kwenye utangulizi. Ugomvi huo ulichukua wiki kadhaa, na jibu tulilolipata utaliona muda si mrefu.

Mheshimiwa, tuna maombi mawili. La kwanza ni chumba cha kudumu chenye mwanga wa kutosha na mlango unaozuia sauti. Hiki tulicho nacho ni cha kuazima, na kila jioni tunabeba turubai ambazo rangi haijakauka. La pili ni zito zaidi. Picha ikiuzwa, inaondoka na mnunuzi na muziki wake unabaki yatima. Muziki ukipigwa redioni, mtunzi ana haki ya mrabaha, mchoraji hana chochote. Tunaomba utusaidie kumpata mwanasheria wa hakimiliki atuandalie mkataba wenye majina mawili, utakaotiwa saini siku kazi inapoanza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nyuma yako kuna picha ya kumi na mbili, imefunikwa kwa kitambaa. Tunakuomba ushike kamba iliyo mkono wako wa kulia. Filimbi ikianza, vuta polepole, na kila ikinyamaza, simama. Picha itafunuka kadiri muziki unavyokwenda, na kasi itakuwa ya mkono wako.

Tunaomba kuwasilisha.