Viza ya mwenza Uingereza: miaka mitatu inayosemwa ni mitano

Mhariri,

Kila msimu wa harusi husikika maneno yale yale: fulani kaolewa na Mwingereza, baada ya miaka mitatu atakuwa na pasipoti nyekundu. Pasipoti yenyewe siku hizi ni ya buluu. Na miaka mitatu, kwa anayeingia na viza ya mwenza, haipo.

Inakotoka tunakujua. Sheria ya Uraia ya Uingereza ya 1981 inamruhusu aliyefunga ndoa na raia kuomba uraia baada ya kuishi nchini humo miaka mitatu. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka siku anayoomba awe tayari na ukaazi wa kudumu, na mwenye viza ya mwenza haupati ukaazi huo mpaka atimize miezi 60. Nafuu anayopata mke au mume wa raia ni moja: akishapewa ukaazi hasubiri tena, anaweza kuomba uraia wiki hiyo hiyo. Ambaye mwenzake ana ukaazi tu, bila uraia, huongeza miezi 12 ya kusubiri.

Njia yenyewe inakwenda hivi. Anayeomba akiwa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala hupewa viza ya miezi 33. Kabla haijaisha anaomba nyongeza ya miezi 30, safari hii akiwa Uingereza. Akitimiza miezi 60 anaomba ukaazi, kisha uraia. Aliyebadili viza akiwa humo humo nchini, tuseme kutoka viza ya masomo, huanza na miezi 30, kwa hiyo hana miezi mitatu ya kuchezea.

Watu wengi huangushwa na tarehe. Chukua mfano huu. Viza inaanza 1 Februari 2025 na kuisha 1 Novemba 2027. Mke anaingia London 20 Aprili 2025, kwa sababu alisubiri amalize mkataba wake wa kazi. Miezi 60 yake inahesabiwa tangu siku aliyoingia, si tangu tarehe ya viza, kwa hiyo inatimia 20 Aprili 2030. Ombi la ukaazi linaruhusiwa siku 28 kabla, yaani kuanzia 23 Machi 2030. Akiomba nyongeza mwishoni mwa Oktoba 2027, viza mpya itamvusha tarehe hiyo. Lakini mara nyingi kuna shemeji anayemwambia, "Usisubiri dakika ya mwisho." Anaomba 1 Juni 2027, tena analipia huduma ya haraka, na jibu linatoka 3 Juni. Viza mpya inahesabiwa tangu siku ya jibu: miezi 30, pamoja na siku zilizobaki kwenye viza ya zamani, lakini zisizozidi 28. Inaisha mwisho wa Desemba 2029. Machi 2030 iko mbali. Atalazimika kuomba nyongeza ya pili na kuilipia yote, kwa kosa la kuwahi. Nyongeza iombwe ndani ya siku 28 za mwisho. Kuchelewa nako ni balaa, ila aliyewasilisha ombi kabla viza haijaisha anabaki halali, na haki yake ya kufanya kazi inaendelea, hata kama jibu litachukua miezi.

Kuhusu fedha, tunataja viwango vilivyoanza Aprili 2025. Ada hizi hupandishwa mara kwa mara, hasa mwezi wa Aprili, kwa hiyo kila mtu aangalie upya siku anayolipa. Wakati huo viza ya kwanza ukiwa nje ilikuwa pauni 1,938. Nyongeza ilikuwa pauni 1,321. Ukaazi ulikuwa pauni 3,029. Uraia ulikuwa pauni 1,735 pamoja na sherehe ya kiapo. Juu ya hapo kuna tozo ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka, inayolipwa yote kwa mkupuo: pauni 3,105 kwa viza ya kwanza na pauni 2,587.50 kwa nyongeza. Kwa viwango hivyo jumla ilikuwa pauni 13,715.50 kwa mtu mmoja, kabla ya mitihani, wafasiri na mawakili. Familia nyingi hujiandaa kwa viza ya kwanza tu, halafu mwaka wa tatu wanaanza kukopa.

Kipato kinachotakiwa ni pauni 29,000 kwa mwaka kwa walioanza njia hii tangu 11 Aprili 2024. Aliyeomba kabla ya siku hiyo anabaki na kiwango cha zamani cha pauni 18,600 hadi mwisho, mradi mwenza ni yule yule. Asiye na mshahara wa kutosha anaweza kuonyesha akiba. Bila mshahara kabisa ni pauni 88,500 zilizokaa mikononi mwake miezi sita. Wakati wa viza ya kwanza huangaliwa mshahara wa mdhamini, yaani mwenza aliyeko Uingereza. Kwenye nyongeza, mshahara wa mwombaji mwenyewe unaojumlishwa ni ule anaoupata Uingereza kwa ruhusa halali ya kazi, jambo ambalo wengi hawalijui na hubaki wakihangaika bure.

Kipato kikishatosha, karatasi ndizo huleta kizaazaa. Hati ya mshahara ya Machi ikisema pauni 2,061.40, taarifa ya benki ya mdhamini lazima ionyeshe pauni 2,061.40 zimeingia kutoka kwa mwajiri huyo huyo. Anayelipwa nusu benki na nusu mkononi ana tatizo hata kama kodi yake yote imelipwa. Aliyekaa kazini miezi sita mfululizo kwa mwajiri mmoja hutoa hati za miezi sita. Aliyehama kazi kabla ya kutimiza miezi hiyo sita huingia kwenye hesabu ya miezi 12. Taarifa ya mwisho ya benki isiwe imepita siku 28 siku ombi linapowasilishwa. Tunaona ajabu watu wanavyotuma picha 80 za harusi na kusahau ukurasa mmoja wa benki.

Ushahidi wa kuishi pamoja ukusanywe tangu mwezi wa kwanza: barua ya kodi ambayo halmashauri hutoza kila nyumba (council tax), bili ya maji, barua ya hospitali, benki. Ziwe za vyanzo mbalimbali na zisambae katika kipindi chote, zenye majina yenu wawili au kila mmoja na zake kwa anwani moja. Bili zote kuwa na jina la mume, na mke hana hata barua moja, ni kasoro ya kawaida katika nyumba zetu.

Sasa ndoa yenyewe. Nikahi iliyofungwa Zanzibar au Tanga kwa mujibu wa sheria ya huko na ikasajiliwa inakubalika. Cheti kikiwa cha Kiswahili, kiambatishwe tafsiri yenye jina, sahihi, tarehe na mawasiliano ya mfasiri, pamoja na tamko lake kwamba tafsiri ni sahihi. Nikahi iliyofungwa sebuleni Birmingham bila usajili wa serikali si ndoa machoni mwa sheria ya Uingereza. Wawili hao watalazimika kwenda kusajili ndoa, au waombe kama wapenzi wenye uhusiano wa miaka miwili, na hilo linataka ushahidi wa aina nyingine.

Kiingereza kinapanda ngazi: A1 kwa viza ya kwanza, A2 kwa nyongeza, B1 kwa ukaazi, kwa mtihani wa kituo kilichoidhinishwa. Wakenya na Watanzania hawamo katika orodha ya nchi zinazosamehewa, hata waliosoma kwa Kiingereza tangu chekechea. Mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kuitumia, baada ya kuithibitisha Ecctis, shirika la Uingereza linalotathmini shahada za nje. Kuna pia mtihani wa maisha ya Uingereza: maswali 24, dakika 45, majibu sahihi 18, ada pauni 50. Ukishafaulu haupitwi na wakati, basi ufanye mapema.

Ombi la nyongeza au la ukaazi likiwa bado halijajibiwa, usitoke nje ya Uingereza, Ireland na visiwa vyao vya jirani. Ukitoka, ombi linahesabiwa umeliondoa mwenyewe na ada ya maombi hairudi. Hili linauma zaidi msiba unapotokea nyumbani, na ndiyo maana wenye wazazi wagonjwa wanashauriwa wasafiri kabla ya kuwasilisha.

Ndoa ikivunjika kabla ya ukaazi, msingi wa viza umeondoka na mamlaka lazima ziarifiwe. Lakini anayepigwa au kunyanyaswa halazimiki kuvumilia kwa ajili ya viza: sheria inampa njia ya kuomba ukaazi peke yake, na kuna kibali cha muda kinachomwezesha kupata msaada wa serikali akijipanga. Mwenza akifariki pia kuna njia hiyo. Mume anayetishia "nitafuta viza yako" anategemea mke asijue haya.

Kwenye uraia, hesabu siku ulizokuwa nje: zisizidi 270 katika miaka mitatu wala 90 katika mwaka wa mwisho, siku ya kuondoka na ya kurudi hazihesabiwi. Siku ile ile miaka mitatu kabla ya ombi kupokelewa, uwe ulikuwa Uingereza kimwili. Wanaotakiwa kukuthibitisha ni wawili waliokufahamu angalau miaka mitatu, wasio ndugu zako: mmoja mwenye taaluma inayotambuliwa, wa uraia wowote, na mwingine mwenye pasipoti ya Uingereza.

Kabla ya kula kiapo, Mtanzania ajue kwamba mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari anapoteza wa Tanzania. Hadhi maalumu kwa ajili ya diaspora si uraia wa nchi mbili. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo haichanganyi uraia wake na mwingine. Mkenya wa kuzaliwa anaruhusiwa kuwa na uraia wa nchi mbili tangu Katiba ya 2010, ila atangaze uraia huo mpya kwa serikali yake ndani ya miezi mitatu. Mtanzania asiyetaka kuachia pasipoti yake anaweza kubaki na ukaazi wa kudumu maisha yake yote, afanye kazi na apate huduma, mradi asikae nje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo.

Anayetaka mshauri wa kulipia athibitishe kwanza kuwa ni wakili, au amesajiliwa na Immigration Advice Authority, mamlaka inayosajili washauri wa uhamiaji Uingereza. Kutoa ushauri huo bila usajili ni kosa la jinai Uingereza, hata kama mtoaji ni mtu wa kwetu na anautoa kwenye kundi la WhatsApp.

Wasomaji wenu,
Uingereza