Mikataba ya kupanga nyumba iseme kodi ya miezi isiyokaliwa ni ya nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji jambo moja kuhusu mikataba ya kupanga nyumba, hasa wasomaji wa Arusha na Moshi ambao, kama mimi, hulipa kodi ya mwaka mzima au nusu mwaka kwa mkupuo, kisha wakalala usingizi kwa kuwa mkataba wao una kifungu cha kuuvunja kabla ya muda. Kifungu hicho nilikuwa nacho. Kiliniruhusu kuhama, lakini fedha zangu zilibaki kwa mwenye nyumba.

Mimi ni mwalimu. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeomba uhamisho wa kumfuata mume wangu Moshi, na kwa sababu sikujua barua ingetoka lini, nilipopanga nyumba Sakina, Arusha, mwezi Januari mwaka jana, nilisisitiza kwamba mkataba uwe na njia ya kutokea. Mwenye nyumba hakukataa. Mkataba wenyewe ulikuwa ile fomu ya kurasa mbili inayouzwa stesheneri, yenye nukta nukta za kujaza majina, tarehe na kiasi cha kodi. Chini ya masharti yaliyochapwa, mwenye nyumba aliandika kwa kalamu ya bluu: "Upande wowote unaweza kuvunja mkataba huu kwa kutoa notisi ya miezi miwili." Tukasaini, mashahidi wetu wakasaini, na mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri wake juu ya maneno hayo hayo ya kalamu. Nikalipa shilingi 3,000,000, yaani 250,000 kwa mwezi, na juu yake mwezi mmoja wa dalali.

Barua ya uhamisho ilitoka Aprili. Tarehe 30 ya mwezi huo nilimpelekea mwenye nyumba notisi kwa maandishi, nakala mbili, naye akasaini nakala yangu kuonyesha kwamba ameipokea. Tarehe 30 Juni nikakabidhi funguo. Ukuta wa sebuleni ambao watoto waliuchafua nilikuwa nimeupaka rangi upya, bili ya maji nilikuwa nimeilipa na risiti nikamwachia. Nilipouliza kuhusu kodi ya Julai hadi Desemba, ambayo ni shilingi 1,500,000, alinichukua hadi uani, akanionyesha vyumba vitatu vya nyuma vilivyoezekwa bati jipya, akasema, "Mwalimu, fedha yako ndiyo hiyo unayoiona juu. Mkataba unasema unaweza kuondoka, nami sijakuzuia. Nionyeshe panaposema nirudishe." Nilizisoma kurasa zote mbili pale pale nikiwa nimesimama. Hapakuwa na neno hilo.

Wiki ya pili ya Julai alihamia mpangaji mwingine, akalipa miezi sita. Kwa hiyo nyumba ile ile, kwa miezi ile ile, ililipiwa kodi mara mbili, huku mimi Moshi nikikopa katika SACCOS ili nilipe kodi ya nyumba nyingine. Tulikwenda kwenye Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha na si kuamua, na baada ya vikao viwili mzee alikubali kunirudishia shilingi 600,000 kwa awamu tatu. Hadi leo nimepokea awamu moja. Sisemi kwamba ni mtu mbaya. Aliniambia mbele ya wajumbe kwamba fedha hiyo hana, na ninaamini alisema kweli.

Tangu wakati huo nimeuliza wanaojua sheria na nimesoma mwenyewe, na naomba niseme nilichokielewa, kwa kuwa wenzangu wengi wanachanganya mambo mawili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inautambua upangaji wa mwaka mmoja au pungufu hata kama makubaliano ni ya mdomo. Pale ambapo muda haukutajwa na kodi inalipwa mwezi kwa mwezi, upande wowote unaweza kuumaliza upangaji kwa notisi isiyopungua kipindi hicho cha malipo. Lakini mkataba wa muda maalumu, kwa mfano Januari hadi Desemba, haumalizwi kwa notisi ya mpangaji kwa sababu tu amepata uhamisho, amefiwa au amepunguzwa kazi. Unaendelea mpaka tarehe yake, isipokuwa mkataba wenyewe uwe umeruhusu kuvunjwa mapema, na hiyo ndiyo kazi ya kifungu ninachokizungumzia. Asiye nacho akiondoka katikati amevunja ahadi, na mwenye nyumba anaweza kumdai fidia.

Hata hivyo, na hili ndilo lililonisumbua zaidi, huyo aliyevunja ahadi bado ana pa kushika. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 73, inataka hasara inapokadiriwa zizingatiwe pia njia zilizokuwapo za kuipunguza, kwa mfano mwenye nyumba kumtafuta mpangaji mwingine. Mimi niliyefuata mkataba neno kwa neno sikuwa na hasara ya mtu yeyote ya kujadili. Nilikuwa na karatasi iliyonyamaza. Na tangu sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilipofutwa mwaka 2005, mambo mengi kati ya mpangaji na mwenye nyumba yameachiwa karatasi hiyo hiyo.

Mwanasheria mmoja alinieleza kesi ya Uingereza ambayo imenifungua macho. Kampuni ya maduka ya Marks and Spencer ilikuwa imepanga ofisi katika jengo moja la eneo la Paddington, London, na kodi ikilipwa kila robo mwaka, kabla robo yenyewe haijaanza kukaliwa. Mkataba uliiruhusu kuondoka tarehe 24 Januari 2012 kwa sharti kwamba siku hiyo isiwe na deni la kodi, na kwamba ilipe pia kiasi fulani kama gharama ya kuvunja mkataba. Robo ilianza tarehe 25 Desemba 2011, hivyo ili isihesabiwe kuwa na deni ililazimika kulipa kodi yote hadi tarehe 24 Machi, ingawa ilijua kwamba ingeondoka mwezi mmoja tu baada ya robo kuanza. Ikaondoka kwa tarehe yake, kisha ikadai irudishiwe kodi ya miezi miwili ambayo haikukaa. Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo, na Desemba 2015 mahakama ikakataa. Sababu yake ilikuwa kwamba mahakama haiingizi ndani ya mkataba neno ambalo wahusika hawakuliandika kwa kuwa tu linaonekana kuwa la haki. Italiingiza pale ambapo bila neno hilo mkataba hauwezi kufanya kazi, au pale ambapo neno lenyewe ni dhahiri kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kulisema. Aidha, kwa desturi ya kale ya sheria ya huko, kodi iliyolipwa mbele haikatwi kwa siku.

Hukumu za Uingereza hazizifungi mahakama zetu. Lakini huwa zinanukuliwa humu nchini katika mashauri ya mikataba, na mimi nisingependa mwalimu, muuguzi au muuza mitumba awe wa kwanza kujaribu bahati yake kwa wakili wa kulipia. Kampuni ile ilikuwa na wanasheria walioandika mkataba mrefu, na neno moja walilolisahau likawagharimu kodi ya miezi miwili ya jengo la ofisi jijini London. Fomu yetu ya kurasa mbili imesahau mangapi?

Najua wenye nyumba watasoma barua hii, na ningependa wasinielewe vibaya. Kodi ya mbele ndiyo inayojenga miji yetu. Wengi wao hawakopesheki benki, na chumba cha nyuma huezekwa kwa kodi ya chumba cha mbele. Sitaki desturi hiyo ipigwe marufuku. Tena kifungu cha kuvunja mkataba kinakata pande zote mbili, na wapangaji wenzangu wanapaswa kukiogopa kidogo pia. Arusha inajengewa uwanja kule Olmoti kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, na mwenye nyumba aliye na haki ya kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja anaweza, kwa halali kabisa, kumwondoa mpangaji wa mwaka ili apangishe kwa wageni wa wiki tatu. Katika hali hiyo mpangaji aliyelipa hadi Desemba akiambiwa ahame Juni, naye atajibiwa kwamba mkataba hausemi arudishiwe? Nadhani mwenye nyumba yeyote mwenye utu ataona kwamba jibu hilo halikubaliki. Basi halikubaliki pia pale mpangaji anapoondoka kwa kufuata notisi waliyokubaliana.

Hapa Moshi tumepanga Pasua. Safari hii niliandika maneno yangu kabla sijatoa hata shilingi moja, na nayaweka hapa ili anayetaka ayanakili: "Mkataba ukivunjwa kwa notisi chini ya kifungu hiki, mwenye nyumba atamrudishia mpangaji kodi ya miezi yote ambayo haijakaliwa, ndani ya siku 60 tangu siku ya kukabidhi funguo, au mapema zaidi iwapo nyumba itapata mpangaji mwingine. Ikiwa aliyevunja ni mpangaji, mwenye nyumba atabaki na kodi ya mwezi mmoja kama gharama ya kutafuta mpangaji mwingine." Mama mwenye nyumba aliyasoma mara mbili. Siku 60 alizitaka yeye, mimi nilikuwa nimeandika 30, na ule mwezi mmoja wa kubaki nao aliuomba yeye pia. Nilikubali yote mawili, kwa sababu mtu aliyeondokewa ghafla anahitaji muda na ana gharama zake. Notisi tulikubaliana iwe ya miezi miwili kwa mpangaji na mitatu kwa mwenye nyumba, kwa kuwa kuhamisha watoto shule ni kazi kubwa kuliko kubandika tangazo la nyumba. Mazungumzo yote hayakuzidi nusu saa, na chai tulikunywa.

Kuna mengine ya kuangalia ambayo sitayarefusha: notisi iwe ya maandishi na ipokelewe kwa saini, siku zihesabiwe vizuri ili isipungue hata moja, na sharti la "asiwe na deni" liseme ni deni la nini, lisije likaambiwa ni la taka za mwezi uliopita.

Ombi langu ni kwa Halmashauri ya Jiji la Arusha na Manispaa ya Moshi, kupitia ofisi za mitaa ambako mikataba hii hugongwa mihuri kila siku. Fomu zinazotumika ziongezewe mstari mmoja wa nukta nukta unaouliza kodi ya miezi isiyokaliwa itarudishwa kiasi gani na ndani ya siku ngapi. Mahali ambapo fomu haitabadilishwa, mwenyekiti awaulize wahusika swali hilo kwa mdomo kabla hajagonga muhuri, na jibu lao, hata likiwa kwamba fedha hairudi, liandikwe pale pale mbele ya mashahidi, ili anayelipa milioni tatu ajue analipia nini.

Mwalimu na mpangaji,
Pasua, Moshi