Barua ya wazi kwa vijana Wakatoliki wa Tabora: mteteeni Baba Mtakatifu kwa yale Kanisa linayofundisha

Wanangu na wajukuu zangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Ninawaandikia ninyi mlio katika VIWAWA (Vijana Wakatoliki Wafanyakazi), katika kwaya na katika jumuiya ndogondogo za mji wetu, kwa sababu ubishi kati yenu na vijana wa makanisa jirani juu ya Papa umekuwa mkali mno, na kwa sababu wengi wenu mnamtetea kwa hoja ambazo Kanisa lenyewe halijawahi kuzitoa. Sisi tuliofundisha katekisimu hatuwezi kukwepa lawama yote hapo, lakini leo nazungumza nanyi.

Kwenye matanga ya hivi karibuni huko Isevya, watu wakisubiri chai chini ya turubai, kijana mmoja Mmoraviani, yaani wa kanisa la Kiprotestanti la majirani zetu, alimuuliza mwenzenu kama ni kweli Wakatoliki wanaamini kwamba Papa hatendi dhambi. Aliuliza kwa upole. Mwenzenu akajibu kwa sauti iliyosikika hadi kwa wapishi kwamba Papa hakosei kamwe, na kwamba asiyekuwa chini yake amepotea. Wafiwa walikuwa wamekaa hapo hapo, na nusu ya ukoo ule ni Wamoraviani. Jibu lile halikuwa na adabu ya msibani, na zaidi ya hapo halikuwa Katoliki.

Papa ni mdhambi anayehitaji huruma ya Mungu kama sisi. Machi 2014 Papa Fransisko alipiga magoti kwenye kiti cha maungamo ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, watu wakimwona, akaungama kwanza ndipo naye akaenda kuwaungamisha wengine. Petro mwenyewe alimkana Bwana mara tatu, na hata baada ya kumpokea Roho Mtakatifu aliyumba kule Antiokia, Paulo akashindana naye uso kwa uso, kama tunavyosoma katika Wagalatia sura ya pili. Kanisa halikuyafuta maneno hayo katika Biblia ili kumlinda Petro.

Kile tunachokiita karama ya kutokosea ni jambo jingine, nalo lina mipaka. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa lote, ulilitangaza fundisho hilo tarehe 18 Julai 1870, ukaeleza kwamba Papa hulindwa asikosee pale anapotamka rasmi, akiwa mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote, fundisho la imani au la maadili ambalo Kanisa lote linapaswa kulishika. Tangu mwaka huo, tamko rasmi la namna hiyo limetolewa mara moja tu, tarehe 1 Novemba 1950, Papa Pio XII alipotangaza kwamba Bikira Maria alipalizwa mbinguni mwili na roho. Majibu anayowapa waandishi wa habari ndani ya ndege, maoni yake juu ya vita au uchumi, na uteuzi wa huyu au yule havimo humo. Sisemi myapuuze mafundisho yake ya kila siku, kwa maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano unatutaka tuyapokee kwa utii wa akili na utashi. Nasema msiongeze palipokwisha kupimwa.

Mkiulizwa Papa ni wa nini, anzeni na Luka 22:32, ambapo Bwana, akijua kwamba Petro ataanguka usiku ule ule, anamwambia, "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Wengi wenu mnakimbilia Mathayo 16 na funguo za ufalme, na ni sawa, lakini Luka anaonyesha funguo hizo ni za kazi gani. Tunaamini kwamba kazi ile haikuisha Petro alipouawa Roma, bali inaendelea kwa Askofu wa Roma, ambaye Mtaguso wa Pili wa Vatikano unamwita chanzo na msingi wa kudumu unaoonekana wa umoja wa maaskofu na wa waamini wote. Ndiyo maana anatajwa katika kila Misa, pamoja na askofu wetu. Wenye masikio makini watakumbuka kwamba kati ya tarehe 21 Aprili 2025, alipofariki Papa Fransisko, na tarehe 8 Mei, alipochaguliwa Papa Leo XIV, padre alipofika mahali pale katika Sala ya Ekaristi aliliruka jina la Papa. Misa iliendelea kuwa Misa. Siku zile Askofu Mkuu wetu, Kardinali Protase Rugambwa, alikuwa mmoja wa makardinali waliojifungia katika Kikanisa cha Sisto kumchagua khalifa mpya wa Petro.

Na hapo kuna jambo jingine ambalo husemwa vibaya. Askofu wa Tabora si mwanangwa aliyewekwa na mtemi wa Roma amsimamie eneo. Hati ya Mtaguso juu ya Kanisa, ya mwaka 1964, inakataa waziwazi kuwahesabu maaskofu kuwa wawakilishi wa Papa. Wao ni wachungaji wa majimbo yao kwa haki yao, katika umoja naye na chini yake. Januari 2024, maaskofu wa Afrika waliposema kwamba baraka kwa wapenzi wa jinsia moja, zilizotajwa katika hati ya Vatikano ya mwezi uliotangulia, hazifai kutolewa katika bara letu, baadhi yenu mlishangilia kwamba Afrika imemkataa Papa. Tamko lile lilitolewa kwa kukubaliana na Papa Fransisko mwenyewe, baada ya Kardinali Ambongo wa Kinshasa, aliyeongoza umoja wa maaskofu hao, kwenda Roma kuzungumza naye.

Sasa nije kwa majirani. Katika mkoa huu Wamoraviani si wageni: walipokea misheni ya Urambo mwaka 1898, na mizizi yao inarudi kwa Jan Hus, padre wa Praha aliyechomwa moto tarehe 6 Julai 1415 kwa hukumu ya Mtaguso wa Konstanz, ingawa alikwenda huko akiwa na hati ya Mfalme Sigismund ya kumhakikishia usalama. Miaka ile palikuwa na watu watatu waliodai upapa kwa wakati mmoja, na kila mmoja alikuwa na wafuasi wake. Fujo hiyo ilikoma mwaka 1417 alipochaguliwa Martin V. Kijana Mmoraviani anayesikia neno Papa anaweza kuwa anakumbuka moto ule. Desemba 1999 Papa Yohane Paulo II alisema anajuta sana kwa kifo cha kikatili alichotendewa Hus. Ikiwa Papa aliweza kulisema hilo, sioni kwa nini mkatoliki wa Cheyo ashindwe.

Mapapa wenyewe wanajua kwamba kazi iliyowekwa kwa ajili ya umoja imegeuka kuwa kikwazo kwa wengi. Paulo VI alikiri mwaka 1967 kwamba Papa ndiye kizuizi kikubwa kuliko vyote katika njia ya uekumene, yaani juhudi za kuwarudisha Wakristo kwenye umoja. Miaka miwili nyuma yake, tarehe 7 Desemba 1965, yeye na Patriarki Athenagoras wa Konstantinopoli, kiongozi wa Waorthodoksi, walikuwa wameondoa hukumu za kutengana ambazo Roma na Konstantinopoli zilitoleana mwaka 1054. Mwaka 1995 Yohane Paulo II akawaomba viongozi wa makanisa mengine wamsaidie kutafuta namna ya kuitekeleza huduma ya Petro ambayo wao pia wangeweza kuitambua, bila kukana kilicho cha lazima. Na Novemba 2025 Papa Leo XIV alisali huko İznik, Nikea ya zamani, pamoja na Patriarki Bartholomew, kuadhimisha miaka 1700 ya mtaguso uliotupa Kanuni ya Imani, ile ile ambayo Wamoraviani na Waanglikana nao wanaikiri.

Basi mkialikwa kusali katika Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo, tarehe 18 hadi 25 Januari, nendeni. Imbeni nao, sikilizeni Neno, lakini msipokee ushirika mezani pao, kwa sababu umoja huo bado haujakamilika na hatuna haki ya kuuigiza. Mmoraviani aliyebatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu habatizwi upya akija kwetu. Mwambieni hivyo, kwa kuwa wengi wao hawajui. Na yule mwenzenu wa Isevya namwomba aende kwa kijana aliyemjibu, amwambie alichokosea juu ya Papa, kisha ajibu swali alilouliza.

Wenu katika Kristo,
Katekista mstaafu, Tabora