Kabla Hujasema GPS Imekufa

Juzi mteja ameweka simu mezani kwetu na maelekezo tayari: "Fundi, GPS imekufa, nibadilishie antena." Tukatoka naye nje, tukafungua ramani. Kidoti cha buluu kikatua pale pale tuliposimama, bila kusitasita. Kilichokuwa kibaya ni ule mwanga mfano wa tochi unaotoka kwenye kidoti: ulikuwa unaangalia nyuma yake. Tukavua kava, lile la kukunja lenye kifungo cha sumaku, tukaizungusha simu hewani mara chache, na mwanga ukageuka mbele. Antena yake bado ni ileile aliyokuja nayo.

Tunaandika haya kwa sababu simu nyingi zinazoletwa kwetu kwa ugonjwa huu hazihitaji bisibisi. Ndiyo, sisi tunakula kwa kufungua simu, lakini kufungua simu iliyo nzima ni kuitafutia ugonjwa.

"GPS imekufa" ni jina moja la matatizo matatu. Kuna simu isiyojua ilipo. Kuna inayojua ilipo ila haijui imeelekea wapi, kama ile ya juzi. Na kuna inayojua yote mawili, ila ramani yenyewe ndiyo yenye kasoro. Usipoyatenganisha utahangaika na mipangilio siku nzima bila kufika popote.

Anza na lile la kwanza. Toka nje mahali peupe, fungua ramani, ubonyeze kitufe cha kuonyesha ulipo. Usitazame kidoti peke yake, tazama na duara hafifu linalokizunguka. Duara dogo maana yake simu ina uhakika. Duara likimeza mtaa mzima, simu inabahatisha tu kwa kutumia minara ya simu na waifai za jirani.

Kubahatisha huko kuna vituko vyake. Mtu akihama nyumba na kifaa chake cha waifai, simu zikiwa ndani zinaweza kuendelea kumwonyesha kwenye nyumba ya zamani kwa muda, kwa sababu kumbukumbu za mtandao bado zinakijua kifaa kile kwa mahali pake pa awali. Mtu anaapa simu ina mapepo. Akitoka nje, kidoti kinarudi mahali pake.

Setilaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na mawimbi yake yakifika chini yamedhoofika mno. Simu yako haizipelekei kitu chochote kule juu, inasikiliza tu. Inahitaji kuzisikia nne: tatu za kupata mahali, na ya nne ya kusahihisha saa ya simu, maana saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, kipimo kinakosea mita 300 hivi. Chini ya bati au zege, sauti hizo hazifiki vizuri. Katikati ya majengo marefu zinagonga kuta kwanza ndipo zifike, na kidoti kinarukia barabara ya pili. Hapo hakuna fundi atakayekusaidia. Sogea penye uwazi.

Tunaulizwa sana kama GPS inakula bando. Kujua ulipo hakuhitaji bando hata kidogo. Bando linasaidia mambo mengine mawili: kuleta picha ya ramani, na kuharakisha mwanzo. Ikiwa na intaneti, simu inapakua mara moja taarifa za setilaiti ziko wapi. Isipokuwa nayo, inabidi izisome kutoka kwa setilaiti zenyewe, na setilaiti inatuma taarifa hizo kwa mwendo wa biti 50 tu kwa sekunde. Taarifa za setilaiti moja zinachukua nusu dakika mawimbi yakiwa safi. Orodha kamili ya setilaiti zote, dakika 12 na nusu. Kwa hiyo simu iliyokaa imezimwa muda mrefu, au iliyosafirishwa mbali, iache nje itulie. Wengi hukata tamaa kwenye dakika ya pili. Na ukiona kidoti kinatembea vizuri juu ya uwanja mtupu wa kijivu, GPS yako ni nzima kabisa. Ramani ndiyo haijashuka. Pakua ramani ya eneo unalokwenda kabla hujaondoka kwenye mtandao.

Kuna kosa moja tunalikuta karibu kila wiki. Kuanzia Android 12 na iOS 14, simu inakuuliza kama programu ipewe mahali pako kamili au pa kukadiria tu. Mtu ana haraka, anabonyeza chochote ili ujumbe uondoke, kisha anashangaa programu ya usafiri inamwita dereva mtaa wa pili. Ingia kwenye mipangilio, tafuta ruhusa za programu hiyo, washa mahali kamili. Hapo hapo angalia hali ya kuokoa chaji. Kwenye simu nyingi hali hiyo inabana GPS kioo kikizimika, na ndiyo maana njia uliyorekodi ukikimbia inaonekana kama umeruka ukuta: mstari umenyooka kutoka kona hadi kona.

Mwelekeo ni kazi ya kifaa kingine, dira ndogo iliyo ndani ya simu, na adui yake ni sumaku: kava, pete ya kushikia nyuma ya simu, kishikio cha kwenye gari. Dalili yake ni rahisi kuitambua. Ukiendesha gari mshale uko sawa, ukishuka na kusimama unazunguka kama mlevi. Ni kwa sababu ukiwa kwenye mwendo programu inasoma uelekeo kutokana na safari yenyewe. Ukisimama inabaki na dira tu. Vua kila chenye sumaku, kaa mbali na gari, uchore namba nane hewani kwa simu mara kadhaa.

Ramani yenye kasoro haina dawa kwetu. Barabara mpya haimo, au jina limekaa sipo. Ripoti ndani ya programu yenyewe. OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2004, inaruhusu yeyote mwenye akaunti kurekebisha.

Lini sasa utuletee? Umetoka nje, umesubiri robo saa, ruhusa ni kamili, umezima simu na kuiwasha, umejaribu programu mbili tofauti, na bado. Kama unaweza, weka programu ya kupima setilaiti. Itakuonyesha mistari yenye namba za nguvu ya mawimbi. Penye uwazi tunategemea kadhaa zipite 35. Zote zikilala chini ya 20, au pasionekane hata moja, hapo tunaanza kuishuku antena. Mara nyingi simu ya namna hiyo iliwahi kuanguka, kuingia maji, au kubadilishwa mfuniko wa nyuma. Kwenye simu nyingi antena imekaa kwenye fremu au kwenye plastiki ya nyuma, na inagusana na bodi kwa vijichuma vidogo vya springi. Kimoja kikipinda, simu inapiga na kupokea kama kawaida lakini setilaiti haizisikii.

Kwa hiyo ukija, tuambie kama iliwahi kufunguliwa, hata kama ni kubadilisha betri tu. Na tafadhali usiivue kava nyumbani ili ije safi. Ije nalo, pamoja na kishikio cha kwenye gari.