Prodyuza alipwe kama fundi bomba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie malipo ya maprodyuza. Mwezi uliopita mpwa wangu, mpiga gitaa hapa Ngamiani, aliniletea karatasi iliyokunjwa mara nne, ya studio moja ya mjini, nimsomee kabla hajatia saini. Mbali na ada ya kurekodi, karatasi ilidai nusu ya mapato yote ya wimbo, bila ukomo, ilhali maneno na muziki ni vyake mwenyewe.

Nilimsimulia habari za Steve Albini wa Chicago, aliyefariki Mei 2024 akiwa na miaka 61. Wapenzi wa roki humkumbuka kwa gitaa lake kali katika bendi za Big Black na baadaye Shellac, lakini bwana huyu alisomea uandishi wa habari, aliwahi kujikimu kwa kurekebisha picha, na uzeeni akashinda bangili mbili za ubingwa katika World Series of Poker, mashindano makubwa ya karata, 2018 na 2022. Riziki yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa kurekodi bendi za watu, kubwa na ndogo, kwa mikanda ya sumaku, na jina la prodyuza hakulitaka. Bendi ya Nirvana ilipomwita kurekodi albamu ya In Utero, iliyotoka 1993, kazi ambayo mrabaha wake, yaani fungu la kila nakala inayouzwa, ungemlisha maisha, aliwaandikia kwamba anataka alipwe kama fundi bomba: afanye kazi, apewe thamani yake, yaishe. Akachukua dola 100,000 kwa mkupuo.

Najua nitajibiwa kwamba prodyuza wa bongo fleva mara nyingi ndiye anayetunga mdundo. Huyo ni mtunzi mwenza na fungu lake ni halali. Ninayemlalamikia ni yule aliyesimamisha maikrofoni mbele ya gitaa, akabonyeza kitufe, kisha akajihesabu mrithi. Bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za hapa Tanga zilirekodi Radio Tanzania, na mafundi mitambo wa kule walikuwa watu wa mshahara (ingawa wanamuziki wenyewe, tuseme kweli, hawakuambulia kikubwa).

Ninaziomba studio zetu ziandike bei mbili, ya kurekodi na ya kutunga, msanii ajue anachonunua. Mpwa wangu ameirudisha karatasi, mstari ule wa nusu kaukata kwa kalamu nyekundu, na mpaka leo hajajibiwa.

Mpiga besi mstaafu,
Ngamiani, Tanga